Njoo Umchukue

Mwanangu tunamwita Babu, kwa sababu amebeba jina la baba yangu mzazi, na kwetu Tanga mtoto aliyerithi jina la mzee haitwi hovyo. Alikuwa na miaka minne na miezi miwili simu ya kwanza ilipopigwa. Nilikuwa nimelala. Wakati ule nilifanya usafi hospitalini usiku, narudi alfajiri, namvalisha, namfikisha kwenye kituo cha chekechea, ndipo napata usingizi. "Njoo umchukue," sauti ikasema, "leo ametushinda." Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikaenda.

Tunaishi Ypsilanti, mji mdogo wa jimbo la Michigan, si mbali na Detroit. Tulifika mwaka 2016. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa chekechea Tanga kwa miaka sita: watoto sabini kwenye chumba kimoja, mkeka, vizibo vya soda vya kuhesabia, na nyimbo za kutwa nzima. Kwa hiyo simu ya kwanza haikunishtua. Najua mtoto wa miaka minne anasukuma, analia, anang'ang'ania kitu cha mwenzake, halafu anasahau. Ya pili nikamgombeza. Ya tatu sikumsemesha njia nzima hadi nyumbani. Nilimwadhibu kwa ukimya wangu bila kumuuliza hata neno moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyenifungua macho ni bibi jirani. Ni Mmarekani Mweusi, amezaliwa hapa hapa upande wa kusini wa mji, ameendesha basi la shule mpaka akastaafu. Asubuhi moja alikuwa barazani kwake, akaniona nampandisha mtoto ngazi saa tano, wakati watoto wengine wako darasani.

"Hii mara ya ngapi?"

Nikamwambia sijui, labda ya tano.

"Kama wewe hujui, wao ndio kabisa. Wanakupa karatasi?"

Hapana, wanapiga simu tu.

"Basi kwenye vitabu vyao mtoto wako hajawahi kurudishwa nyumbani hata siku moja."

Nililitafakari neno lile siku nzima. Simu haina muhuri. Mtoto anakosa asubuhi nzima ya kujifunza, mama anakosa usingizi au anakosa kibarua, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto amesimamishwa. Ukienda kulalamika, unaulizwa ushahidi. Jioni ile nilichukua kalamu nyekundu nikaenda kwenye kalenda iliyokuwa ukutani jikoni, ile tunayopewa na duka la nyama ya halali kila mwaka, nikaanza kuandika: tarehe, saa waliyopiga, neno walilosema. Zile za nyuma nilizitafuta kwenye simu yangu. Katika wiki sita zilikuwa kumi na moja.

Kuna jambo jingine nilimwambia bibi siku ile ambalo sikulisema vizuri. Nilimwambia labda ni kwa kuwa sisi ni wageni, mtoto bado lugha haijakaa. Akanitazama kwa muda. "Akiwa amekaa kimya pale kwenye kiti," akasema, "nani anajua ametoka Tanga?"

Nikanyamaza. Waafrika wengi tunaokuja huku tunaingia na nong'ono mfukoni: tusichanganywe na Weusi wa hapa, yao ni yao na yetu ni yetu. Tunawaambia watoto wetu wajitenge nao. Nami niliamini hivyo. Lakini mwanangu alipokuwa anatolewa darasani, hakuna aliyeuliza pasipoti. Takwimu za Idara ya Elimu ya Marekani zilizotolewa mwaka 2014 zilionyesha kwamba watoto weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wote wa shule za awali za umma, lakini miongoni mwa waliosimamishwa zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 48. Hao ni watoto wa miaka mitatu, minne, ambao wengine hawajaweza kufunga zipu ya koti. Babu wangu alikuwa humo, na wajukuu wa bibi jirani humo humo.

Kilichonifanya niamke nikadai haki hakikuwa takwimu, kilikuwa vijiko. Jumamosi moja nilikuwa nakuna nazi, naye amekaa chini amepanga vijiko kwenye sakafu, viwili viwili, anacheza shule. Anaviimbia, anavihesabia. Kisha akachukua kimoja, kijiko cha chai chenye mpini uliopinda, akakiburuta hadi karibu na mlango, akakilaza peke yake. Nikamuuliza, huyo vipi, Babu? Akanijibu bila hata kunitazama, "Huyu mama yake anakuja kumchukua."

Jumatatu niliomba nikae darasani. Walisita kidogo, nikawaambia mimi ni mzazi na nitakaa kimya. Wakanipa kiti kidogo cha watoto karibu na sinki. Nilikaa saa mbili na daftari mapajani, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mwalimu, niliamua kuhesabu kitu kimoja tu: majina. Kila mwalimu alipotaja jina la mtoto kwa kumkanya, nilichora mstari.

Watoto kumi na saba, walimu wawili. Waliwakalisha duara dakika thelathini na tano, muda ambao hata mtu mzima anaanza kujigeuzageuza. Watoto watatu walilala chali kwenye zulia. Mmoja wao akavutwa mkono kwa upole, wa pili akaachwa. Wa tatu alikuwa Babu, jina lake likaitwa. Baadaye kwenye kona ya matofali ya mbao, mtoto mwenzake mwenye nywele za rangi ya mahindi alirusha tofali, Babu akalirudisha kwa kulirusha vilevile. Jina lililoitwa ni moja. Mwisho wa saa mbili, watoto wengi walikuwa na mstari mmoja au miwili. Mtoto mwingine mweusi alikuwa na tisa. Babu alikuwa na kumi na saba.

Halafu nikaona lile ambalo lilinikata maini. Mwalimu alichuchumaa mbele yake kumwonya, akamwambia, "Niangalie ninapoongea na wewe." Babu akainamisha macho. Mwalimu akarudia kwa ukali zaidi, mtoto akazidi kuinama. Mtoto wangu alikuwa anaonyesha adabu! Mtu mzima akikukanya humkodolei macho. Hivyo ndivyo nilivyomfunza, na ndivyo mama yangu alivyonifunza mimi. Pale ikaandikwa kuwa ni kiburi.

Sisemi yule mwalimu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, amechoka, na kwa mwaka ule alikuwa wa tatu kushika darasa lile; wawili wa kabla yake waliondoka kwa sababu mshahara wa ghala la kufungashia mizigo ulikuwa mzuri kuliko wa kulea watoto. Baadaye nilisoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 2016, ulioongozwa na Walter Gilliam. Waliwaonyesha walimu wa shule za awali video za watoto wanne, mvulana na msichana mweusi, mvulana na msichana mweupe, wakawaambia waangalie dalili za utundu, huku mashine ikifuatilia macho yao yanatua wapi. Kwenye video zile hapakuwa na utundu wowote. Macho yalimwandama zaidi mvulana mweusi, na walimu weusi hawakuwa tofauti. Niliposoma hivyo, nilikumbuka mistari yangu kumi na saba.

Katika kikao na uongozi nilipewa ushauri mmoja: niache kuongea Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Nawaomba wazazi wenzangu mnaosoma hapa, hili mlikatae. Mtoto anaweza kubeba lugha mbili, hata tatu. Mtoto anayejifunza lugha mpya mara nyingi hupitia kipindi cha ukimya, anasikiliza bila kusema, na hilo si ugonjwa. Kama kuna tatizo la kweli la matamshi au usikivu, litaonekana katika lugha zote mbili, na una haki ya kuomba kwa maandishi apimwe bila malipo. Nikikata Kiswahili, Babu ataongea nini na bibi yake Tanga?

Niliporudi kutoka kikao kile nilikuwa nalia, na bibi jirani akanipakia kwenye gari lake. Hakusema tunaenda wapi. Akasimama mbele ya jengo la shule la matofali, si mbali na kwetu, ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kulijua. Akaniambia hapa ndipo dunia ilipojifunza kwamba mtoto mweusi akipewa mwanzo mzuri anafika.

Ilikuwa Shule ya Perry. Mwaka 1962 David Weikart na wenzake walianza hapo mradi wa watoto weusi 123 wa familia maskini, wa miaka mitatu na minne, ambao vipimo vilikuwa vimeshawaandikia kwamba hawatafika mbali shuleni. Watoto 58 waliingizwa kwenye programu, 65 hawakuingizwa, ili walinganishwe. Bibi alikuwa msichana wa shule ya msingi wakati ule. Anakumbuka walimu wakitembea mtaani mchana, wanaingia nyumba baada ya nyumba, wanakaa na mama na mtoto pamoja. Hilo ndilo lililomshangaza hata akiwa mtoto: mwalimu kuja kwako bila wewe kuwa na kosa.

Na kweli ndivyo ulivyokuwa mpango. Kila asubuhi darasa la muda wa saa mbili na nusu, na kila wiki mwalimu anakwenda nyumbani kwa mtoto kwa muda wa saa moja na nusu. Walimu wenye vyeti kamili, kila mmoja na watoto watano au sita. Mtoto anaulizwa asubuhi leo unataka kufanya nini, anakifanya, kisha anakaa na mtu mzima anasimulia alichokifanya. Basi. Hakuna mashine wala vitu vya bei kubwa.

Alama za vipimo vya akili zilipanda, halafu baada ya miaka michache zikashuka zikalingana na za wenzao, na kama wangeishia hapo wangesema mradi umekufa. Hawakuishia hapo. Waliwafuata mpaka wakawa watu wazima. Walipofikisha miaka 40, waliomaliza sekondari miongoni mwa waliopata programu walikuwa 77 katika kila 100; kwa wale wengine, 60. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa 36 kwa 100. Kwa wale wengine, 55. Leo kila mwanasiasa anayetaka kuzungumzia chekechea anataja Perry. Mmoja wa walimu wa darasa lile, mwanamke mweusi aitwaye Evelyn Moore, aliondoka na alichokiona akashiriki kuanzisha mwaka 1970 taasisi ya kitaifa ya kutetea maendeleo ya watoto weusi. Natamani watu wamtaje na yeye.

Mimi hata hivyo, nikipita pale, nawafikiria wale 65. Walikaa mtaa mmoja na wenzao, pengine nyumba zinatazamana. Mmoja anabishiwa hodi na mwalimu kila wiki, mwingine anabaki dirishani. Tumejua tunayoyajua kwa sababu wao walikosa, na miaka mingapi imepita, bado watoto wa mtaa uleule wanasubiri kwenye orodha.

Babu naye alisubiri miezi miwili, kisha akapata nafasi Head Start, programu ya serikali ya shirikisho iliyoanza 1965 kwa watoto wa familia za kipato kidogo. Kanuni zake, zilizoandikwa upya mwaka 2016, zinakataza kumfukuza mtoto kwa sababu ya tabia yake. Kabla hajaanza, mwalimu wake mpya alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaketi kwenye mkeka, akanywa chai ya tangawizi, akatoa kadi na kalamu akaniuliza: akitaka choo anasemaje? Akitaka maji? Akichoka? Akisema basi, nimeshiba? Nikamtajia, akaandika alivyosikia. Nikamweleza na habari ya macho, kwamba akiinama anakusikia. Akaandika na hilo. Nilipompeleka Babu wiki iliyofuata, kadi zilikuwa zimebandikwa kwenye mlango wa choo, kwenye sinki, kwenye meza ya chakula: KOJOA. MAJI. INATOSHA.

Siku ya tatu alipomwamkia yule mwalimu "shikamoo", mwalimu akajibu "marahaba", kwa matamshi ya ajabu. Babu alinitazama kana kwamba mwalimu amefanya mazingaombwe. Huwa naulizwa na wazazi ubora wa shule ya awali unaonekanaje, maana kila kituo kina picha nzuri ukutani. Nawaambia waangalie mtu mzima anachuchumaa mara ngapi kumsikiliza mtoto, na walimu wa mwaka jana wangapi bado wapo.

Head Start ndiko nilikojifunza pia kwamba mzazi ana kiti. Kila programu ina baraza la sera, na kwa kanuni wengi wa wajumbe wake lazima wawe wazazi wa watoto waliomo. Baraza linapitisha bajeti, linahusika na ajira. Hili halikuangushwa kutoka mbinguni. Mississippi, mwaka 1965, akina mama weusi waliokuwa wanafanya kazi za ndani na za mashamba ya pamba waliendesha wenyewe makumi ya vituo vya Head Start, wakawa walimu na wasimamizi, na maseneta wa jimbo lao wakapigana fedha zikatwe. Bibi alinisimulia haya usiku wa kuamkia siku niliyogombea ujumbe. Mimi mfagiaji wa usiku, Kiingereza cha kubabaisha, nikainua mkono, nikachaguliwa.

Lakini kile kituo cha kwanza sikukiacha hivi hivi. Watoto wengine walikuwa bado humo, yule wa mistari tisa alikuwa bado humo. Mikutano ya bodi iliyokuwa inakisimamia ilikuwa wazi kwa umma, na mwananchi anapewa dakika tatu. Niliandaa hotuba ndefu, bibi akanifutia karibu yote. "Wasomee kalenda," akasema.

Nikaenda nayo vilevile, na picha yake ya Makka juu na alama za mchuzi kwenye Oktoba. Mikono ilitetemeka. Nikataja jina langu, nikasema mwanangu ana miaka minne, kisha nikasoma. Tarehe 9 Oktoba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, "leo ametushinda". Tarehe 11 Oktoba, saa tano kasoro robo, "amechoka". Tarehe 15, saa tatu na dakika hamsini, "hataki kukaa". Zote kumi na moja. Kengele ya dakika tatu ililia nikiwa kwenye ya tisa, mwenyekiti akaniambia endelea. Mwisho nikauliza swali moja: katika kumbukumbu zenu mwanangu amesimamishwa mara ngapi? Wakapekua. Hapakuwa na hata moja.

Mama mwingine nyuma yangu akasimama. Halafu baba mmoja.

Haikuwa sinema, kituo kile hakikugeuka usiku mmoja. Ilichukua karibu mwaka mzima wa kufuatilia mpaka ikapatikana fomu: mtoto akirudishwa nyumbani kabla ya wakati kwa sababu ya tabia, mwalimu anaandika kilichotokea kabla, alichojaribu kufanya na saa, na mzazi anapata nakala. Fomu tu. Ila simu zilipungua mara moja, kwa kuwa sehemu ya "kilichotokea kabla" ni ngumu kuijaza.

Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu msaidizi, nimesoma tena na nimepata cheti cha huku. Na lazima niseme ukweli: wiki yangu ya kwanza, fujo ilipozuka nyuma yangu, niligeuka na jina la mvulana mmoja mweusi likiwa tayari mdomoni. Hakuwa yeye. Alikuwa anachora. Tangu siku ile ninachora mistari yangu mwenyewe kila Ijumaa, nani nimemtaja, kwa lipi, na nani sijamtaja wiki nzima hata kwa wema.

Babu ana miaka kumi na kidogo sasa, ana maneno mengi kuliko baba yake.

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, tunayekutana naye sokoni, alinifuata mpaka nyumbani. Alikuwa ameshika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Dada, banasema mutoto anasumbua. Banamurudisha kila siku." Nikamkaribisha jikoni, nikaweka maji ya chai. Kisha nikaitungua kalenda ukutani, nikaitandaza mezani, nikampa kalamu nyekundu.

"Tuanze na Jumatatu," nikamwambia. "Walikupigia saa ngapi?"